Petroli ya Emali Haikuwa na Kosa

Kangemi, Nairobi
Jumapili mchana

Kwako Baba,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Mama, halafu kila aliye karibu nawe barua hii inapofunguliwa, ingawa ningependa uisome peke yako kabla ya kumpa mtu mwingine. Goti linaendeleaje? Mke wangu Mwende ameniambia umeanza tena kupanda ngazi kugongomea mabati ya kanisa, na daktari ulimwahidi vingine. Je, mvua imefika Mtito, au bado mnayatazama mawingu yakiwapita kwenda Taita? Mimi mwili ni mzima. Nakula, kazi naenda, kile kikohozi cha vumbi kimeisha. Kutulia ndiko kulikonishinda. Tangu nianze kuandika nimeinuka mara tatu, na mara ya mwisho nilitembea hadi stendi nikanunua mkate ambao sikuuhitaji.

Najua utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Baba, simu yako haina siri. Mama akiipokea anaifungua sauti yote, na neno langu linawafikia akina mama wa kwaya kabla halijakufikia wewe. Haya ya leo ni yako. Nitaifunga barua pamoja na zile gaskiti ulizoagiza, nizipeleke kwa basi kesho asubuhi.

Nataka kukueleza habari ya lile gari jeupe uliloletewa, la Mzee Njoroge, lenye mabomba ya moshi yanayong'aa. Wewe uliona mwisho wake tu. Mwanzo wake sikuwahi kukwambia, na yaliyotokea baada ya gari kuondoka kwako huyajui kabisa.

Mzee Njoroge ni mstaafu wa serikali, ana nyumba za kupangisha pale Mountain View. Watu wake wako huko tangu enzi ambazo ng'ombe wao walivuka Waiyaki Way wakijisikia. Gari hilo alilinunua akiwa kijana, na mke wake husema liliolewa kabla yake. Siku moja alilileta gerejini kwetu, huku nyuma ya Adams Arcade, akiwa amekunja uso. Alikuwa amekwenda mjini Kirinyaga Road akanunua heda, yale mabomba manne ambayo kila moja linatoka kwenye tundu lake na kwenda mbali kabla ya kukutana na wenzake. Fundi wa huko huko akamtolea kile chuma kizito cha kiwandani, akamfungia heda, akampa mkono wa pongezi. Basi. Hakugusa kabureta.

"Kijana, hii gari imekuwa wazimu," akaniambia. "Nikikanyaga inasita, nikiachilia inapiga risasi. Juzi hapo Westlands askari wa jengo fulani alilala chini."

Nilicheka, naye akacheka, lakini tatizo lilikuwa wazi. Injini iliyopewa njia pana ya kutoa moshi inavuta hewa zaidi, na jeti za zamani, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, zilikuwa zinaipa petroli ile ile ya zamani. Ilikuwa na njaa. Nilipofungua plagi nikazikuta nyeupe.

Baba, nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Wambugu, bosi wangu, alitaka niifunge kwa siku moja, lakini nilikaa nayo wiki nzima. Kwanza nikaziba mahali ambapo heda ilikuwa inavuja kwenye gaskiti, maana nusu ya ile milio ya risasi ilitoka hapo. Halafu nikaanza kupandisha jeti, saizi moja baada ya nyingine. Asubuhi kabla magari hayajajaa nilikuwa naitoa Westlands kuelekea Kangemi, nakanyaga mpaka mwisho kwenye ule mpando, nazima injini ikiwa bado inavuta, naserereka hadi pembeni na kufungua plagi pale pale barabarani, zikiwa bado zinaunguza vidole. Ulivyonifundisha. Siku ya nne zilitoka na rangi ya biskuti, zote nne sawasawa. Nikasogeza distributa mbele kidogo ili cheche iwahi, gari likazidi kuamka. Wambugu akaleta kile kipimo chake cha kuchomeka kwenye bomba la moshi, akasoma, akanitazama.

"Wewe Kioko, hii umefunga na masikio ama na uchawi?"

Nilivimba kichwa, sikufichi. Mzee Njoroge alipokuja kuchukua gari alizunguka nalo hadi Ngong Road na kurudi, akashuka na kuegemea mlango. Ndipo akaniambia kuhusu nafasi iliyo nyuma ya nyumba zake. Ni kibanda cha mabati chenye sakafu ya saruji, geti lake linatazama barabara ya ndani, na kina chumba kimoja cha kulala pembeni chenye maji. Alikuwa anakwenda Mombasa na mke wake kwenye harusi ya binti yao wa mwisho.

"Hii gari ikinipeleka na kunirudisha," akasema, "hiyo mahali ni yako. Ufanye kazi yako bila bosi."

Unajua maana ya chumba hicho kwangu. Miaka sita Mwende yuko kwenu na mimi niko huku, na mtoto ananiita Baba wa Simu. Jioni hiyo hiyo nilimpigia Mwende nikamwambia aanze kufikiria shule ya Mountain View. Nilimwambia kabla gari halijatoka Nairobi.

Waliondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nikaingia kazini. Ilipofika kama saa nne nilikuwa napanga meza yangu, nikachukua zile jeti za zamani nilizotoa kwenye gari lake nizitupie kwenye kopo. Zikanibaki mkononi. Nikakumbuka makopo yako mawili.

Baba, nimekulia chini ya makopo yale. Kopo la jeti za juu na kopo la jeti za chini, kwenye rafu ya kibandani kwako, na kadi zenye majina ya wenyewe zimefungwa kwa uzi. Mafundi wenzako pale Mtito walikucheka kwamba unawasumbua watu. Lakini kila mwenye gari la mbio au injini iliyochokonolewa aliyeshuka kutoka Nairobi alisimama kwako, ukamtolea jeti zake na kumwekea kubwa zaidi, ukarudisha distributa nyuma nukta chache, na akipanda tena alizikuta jeti zake zikimngoja. Nilikuwa naandika kadi hizo kwa mkono wangu kabla sijajua kuandika insha. Hewa ya Nairobi ni nyepesi. Hewa ya kwetu ni nzito, na ina joto. Injini iliyoshiba Kangemi ikifika Mtito inakuwa na njaa tena, na ile cheche iliyowahishwa inaanza kuipiga pistoni nyundo.

Hakuna fundi wa Nairobi ambaye angelaumiwa kwa kulisahau hilo, maana wengi hawalijui. Mimi ndiye niliyelijua. Miaka tisa ya kufunga magari ya watu wanaotoka Westlands kwenda Karen imetosha kunisahaulisha hewa niliyozaliwa nayo.

Nikampigia Mzee Njoroge. Hakushika. Nikapiga tena, nikapiga tena, huku nazunguka gereji nzima na Wambugu ananiuliza kama nimeumwa na siafu. Mara ya tano mke wake akashika.

"Mzee anaendesha," akasema. "Uko salama?"

Na nyuma ya sauti yake, Baba, nikaisikia. Walikuwa wanapanda mpando fulani, naye Mzee alikuwa amekanyaga, na injini ilikuwa inagonga. Ule mlio mdogo wa misumari ndani ya kopo. Nilikuwa nimesimama Adams Arcade na nikausikia kwa simu.

"Gari linasemaje, Mama?" nikauliza.

"Linaimba tu vizuri. Tumeweka petroli hapo Emali, tunaendelea."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno yalikuwa machache: simameni, msikanyage, nimekosea. Yangenichukua muda wa kupumua mara moja. Nikaona ule mlango wa chumba cha pembeni, nikamwona Mwende akiutazama, nikasema, "Nilitaka tu kuwatakia safari njema. Mkifika Mtito mpitie kwa baba yangu awasalimie. Mwambie Mzee aende polepole, injini ni mpya kwa hizo heda."

Nilisema uongo wa adabu. Nikawaacha mume na mke waendelee barabarani na injini inayoweza kutoboka wakati wanalipita lori, ili mimi nisiaibike kwa simu. Hilo ndilo linaloniinua kitini kila nikikaa.

Halafu nikapiga kwenu, Mama akapokea na kwaya yake, nami nikasema tu, "Mwambie Baba mgeni wangu anakuja, amwangalizie plagi." Ulielewa. Nilijua utaelewa. Nikashinda siku nzima nikiangalia simu kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali, mpaka Mama akanipigia jioni kwamba wageni wamekunywa chai na wameenda zao. Nikashukuru Mungu. Nikafikiri yameisha.

Walirudi baada ya wiki. Mzee Njoroge alikuja gerejini mwenyewe, amevaa shati la Mombasa la maua, akanishika mkono mbele ya Wambugu na wenzangu wote. Akasimulia jinsi gari lilivyoanza kukosa nguvu kuelekea Mtito, jinsi ulivyofungua boneti hata kabla hajamaliza kusalimia, ukatoa plagi moja na kuitazama kwa muda mrefu. Alikuuliza kama fundi wake wa Nairobi ameharibu kitu.

"Unajua mzee wako aliniambia nini?" akasema. "Aliniambia, 'Kijana wangu hawezi kufunga injini vibaya. Hii ni petroli mbaya ya njiani.' Halafu akabadilisha vitu vyake hapo, akakataa hata soda."

Akanipa ufunguo wa kibanda.

Baba, ngoja nikwambie kitu ambacho hatujawahi kusemezana. Miaka yote niliyokaa kibandani kwako hukuwahi kuisifu kazi yangu. Ukiridhika ulikuwa unachukua spana nyingine na kuendelea. Sikulaumu, ndivyo ulivyo, na Mama alikuwa ananiambia kwamba ukinyamaza ndiyo umesifu. Lakini Mzee Njoroge aliponisimulia maneno yako, kwamba kijana wangu hawezi kufunga injini vibaya, nilijifanya napangusa mikono nikageuka upande wa ukuta. Kwa muda wa dakika moja hivi nilisahau kwamba ulikuwa umeishika plagi nyeupe mkononi ukiyasema. Kwa dakika hiyo nilifurahi sana.

Kisha Mzee Njoroge akamalizia hadithi yake. Wakati wa kurudi alisimama Emali, kwenye kile kituo cha petroli, akamwita meneja. Alimwambia petroli yao ina maji na karibu iwaue yeye na mkewe. Akamwonyesha kwa kidole msichana aliyemjazia. Mzee Njoroge ni mtu wa sauti, na akivaa koti lake la ofisi watu wanasimama wima.

"Yule msichana alilia, lakini sikujali," akasema. "Wamemwambia akae nyumbani mpaka wachunguze. Watu kama hao lazima wafundishwe."

Nikauliza anaitwa nani. Hakukumbuka.

Nilikaa na ufunguo ule majuma mawili, Baba. Kila jioni nikitoka kazini nilipita Mountain View, nikafungua geti, nikasimama ndani. Nilifagia. Nikapima kwa hatua mahali pa meza ya vyombo na mahali pa kitanda cha mtoto. Kisha nikafunga, nikatembea kwa miguu hadi Westlands bila sababu, nikageuza pale kwenye taa na kurudi Kangemi. Wenzangu walidhani nimepata msichana. Wambugu aliniuliza naondoka lini, nikaingia chini ya gari. Sikuweza kupeleka hata bisibisi moja katika kile kibanda. Nilikuwa namfikiria mtu nisiyemjua jina, amekaa mlangoni kwake Emali na sare ya kituo imekunjwa ndani, akijiuliza maji yaliingiaje kwenye petroli.

Hata wewe nilikukasirikia kidogo, nisamehe. Nikajisemea kwamba ungemwambia ukweli pale pale, haya yasingefika Emali. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekutumia mtu bila kukwambia lolote, nikakuachia uchague kati ya mtoto wako na mgeni. Wewe mzee wa kanisa, ambaye ulitukanya hata kuwaambia wageni kwamba umelala wakati uko macho. Nilikusukuma mimi.

Jumamosi ya juma lililopita nikamkuta Mzee Njoroge anaosha gari lake uani. Nikaomba tukae. Akasema nizungumze tu, yeye anasikia huku anapangusa. Nikamwambia.

Nilimwambia habari ya hewa ya juu na hewa ya chini, na makopo yako. Nikamwambia kwamba petroli ya Emali haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, na kwamba nilisikia injini ikigonga mkewe akiwa kwenye simu nikanyamaza. Kitambaa kikasimama juu ya boneti.

"Mke wangu Mama Wanjiku alikuwa ndani ya hiyo gari," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe ukatutakia safari njema."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na baba yako alijua?"

Hapo ningeweza kukuficha. Nilifikiria. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha. "Alijua alipoiona plagi," nikasema. "Alinifunika."

Akaendelea kupangusa mahali pamoja kwa muda mrefu. "Mimi pia ningesema hivyo kwa kijana yangu," akasema. "Na ningekuwa nimekosea." Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Nikautoa mfukoni nikampa. Nilidhani yameisha, nikaanza kwenda getini, akaniita.

"Unaenda wapi? Kesho baada ya misa ya kwanza tunaenda Emali, mimi na wewe. Na kabla hatujaenda utatengeneza hii gari ya kwenda chini. Nataka kuona."

Kwa hiyo Jumapili ile sikuingia kanisani, utanisamehe. Nilipiga magoti mbele ya kabureta zake, nikatoa jeti na kuweka zile ulizomfungia wewe, ambazo ulimtolea wakati wa kurudi naye akazihifadhi kwenye bahasha, nikarudisha distributa nyuma. Alikuwa amesimama juu yangu na Biblia kwapani. Nikamwonyesha jeti moja kiganjani.

"Ni hizo tu?" akauliza. "Ndogo hivyo?"

"Ni hizo tu, Mzee."

Tukaondoka. Mara kwa mara alikanyaga kwa makusudi kwenye mipando, akanitazama nisikilize, nami nikasikiliza. Haikugonga hata mara moja.

Pale kituoni nilimwambia meneja maneno yale yale niliyomwambia yeye, mbele ya wafanyakazi waliokuwa zamu. Meneja alitaka kuniandikisha barua, nikaandika na kuweka sahihi. Akatuma mtu amwite msichana, kwao ni karibu. Anaitwa Ndanu. Alikuja na leso kiunoni na mikono ina unga wa chapati, maana alikuwa ameanza kupika kwenye kibanda cha jirani ili asikae bure. Ni mtu wa rika la dada yetu mdogo. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sasa wewe ulijua siku hiyo hiyo," akasema.

"Nilijua."

"Majuma mawili watu wa hapa wananiuliza kama naweka maji kwa petroli. Hata kanisani. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa Nairobi, na hilo halikuwa jibu, na alijua halikuwa jibu. Mzee Njoroge akavua kofia yake. Sijawahi kumwona akiivua mbele ya mtu yeyote isipokuwa padri. Akamwomba msamaha kwa Kiswahili cha polepole, akasema alipiga kelele mahali ambapo angeuliza kwanza. Ndanu akamwitikia yeye. Mimi akanitazama tu, akasema ana chapati motoni, akaondoka. Meneja alituahidi kwamba Jumatatu atarudi kazini, na Jumatano nikapiga simu kituoni nikaambiwa yuko zamu. Sikuomba kuzungumza naye.

Tulipotoka, Mzee Njoroge aliniuliza kama tuendelee hadi Mtito tukusalimie. Ilikuwa ni saa moja na nusu tu mbele yetu. Niliutazama ule mteremko wa kwenda nyumbani, na miguu ilikuwa inaniwasha kushuka na kukimbia, sijui hata kukimbilia upande gani. Nikamwambia hapana, turudi. Sikuwa na uso wa kukutazama nao. Nilifungua plagi moja tu kabla ya kugeuza, najua ungeniuliza: rangi ya biskuti, labda imekolea kidogo. Jeti zako bado ziko sawa.

Kibanda kimekwenda, Baba. Nilimuuliza Mzee Alhamisi, akasema atafikiria, na mwenye nyumba wa Nairobi akisema atafikiria unajua amekwisha kufikiria. Jana nilipita nikakuta kinyozi anapaka geti rangi ya bluu. Gari Mzee bado ananiletea mimi, amekataa Wambugu aliguse. Mahali, hapana. Nadhani amenipimia sawasawa, lakini inauma. Nilisimama pale ng'ambo ya barabara nikimtazama yule kinyozi mpaka akaniuliza kama nataka kunyolewa.

Mwende hajui. Usimwambie, na Mama pia asimwambie. Mwisho wa mwezi nakuja kwa siku tatu, nitamwambia mwenyewe, kwamba nilimpa nyumba kabla sijaipata. Atakasirika, na ana haki. Mtoto atanitazama tu, maana hajazoea uso wangu.

Na wewe nakuomba radhi kwa mambo mawili. La kwanza, kukutia katika uongo katika uzee wako. La pili, kuufichua mbele ya mtu aliyekuwa anakuheshimu. Kama umelibeba jambo hili kanisani na halikuachi, basi jua kwamba upande wa huku limeshasemwa lote, na yule msichana yuko kazini.

Nisalimie Mama, na umwambie kanga aliyotaka nimeipata, ile ya kijani. Msalimie Mwende mke wangu, na Kasyoka binti yangu, umwambie Baba wa Simu anakuja na miguu yake. Msalimie mdogo wangu Mutua, asiuze yule mbuzi mweusi mpaka nifike. Msalimie mjomba katekista, na shangazi wa Darajani ambaye huniombea kila Ijumaa, mwambie azidishe.

Nitakapofika, naomba tuingie kibandani kwako mimi na wewe. Nitafunga injini yoyote utakayonipa, hata ile ya pampu ya maji iliyokushinda, na nitakaa pembeni huku unafungua plagi. Ulisema kwamba kijana wako hawezi kufunga vibaya, na nimeyashika maneno hayo kuliko ufunguo wowote, ndiyo maana siwezi kuyaacha yabaki uongo. Siku utakayoyasema tena, nataka uwe umekagua kwanza.

Ni mimi mwanao,
Kioko